Gunia la Nne

"Saa nane," alisema Bwana Damodar Kanji, akaitoa saa yake ya mfukoni na kuilaza mezani ili kila mtu aione. "Ikifika saa nane sina barua mkononi, sisi tunarudi Bombay, na karafuu zenu mtatilia chai."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, Jumatano, mwezi wa Mei mwaka 1938, na mvua ya masika ilikuwa inapiga bati la ofisi ya Bwana DC mjini Chake Chake kiasi cha watu kusema kwa sauti ya ugomvi hata pale wasipogombana. Inspekta Mbaruk bin Hashil alisimama karibu na mlango, mkono shavuni. Alikuwa na jino bovu. Alikuwa ameletwa kutoka Unguja siku kumi nyuma kuyalinda mazungumzo haya yasiingiliwe, na kwa siku hizo zote hakuna kilichomsumbua isipokuwa hilo jino. Leo jino lilikuwa limepata mwenzake.

Ugomvi wenyewe ulikuwa unakaribia mwaka. Serikali ilikipa chama cha wakulima peke yake haki ya kuuza karafuu nje, wafanyabiashara wa Bombay wakanuna, wakagoma kununua hata punje. Maghala ya Pemba yakafura, wenye mashamba wakakonda. Ndipo ulipoletwa ujumbe wa Bombay, Damodar akiwa kiongozi wake, kukaa meza moja na wakulima. Vifungu kumi na viwili vya mkataba vilikuwa vimeandikwa, kimoja kimoja, kwa kuvutana kama kamba ya ngalawa. Kilichobaki ni saini.

Na sampuli. Magunia saba ya karafuu safi yalichaguliwa na pande zote mbili, yakashonwa, yakapigwa lakiri, ile nta nyekundu, na mihuri miwili, wa chama na wa Bombay, yakawekwa ghalani chini ya ulinzi. Hiyo ndiyo mizani ya mkataba: karafuu yote itakayouzwa lazima ifanane na iliyomo humo. Asubuhi ya leo Damodar alitaka lifunguliwe moja kabla ya saini, akanyoosha kidole kwenye gunia la nne. Likafunguliwa. Ndani mlikuwa na ukungu mweupe, na karafuu zimeshikamana.

Mtoto wa Pemba anajua maana yake kabla hajajua kuvaa kanzu. Karafuu hutiwa maji na walanguzi ili izidi uzito.

"Mihuri ilikuwa mizima," alisema Damodar. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, kwani alizaliwa pale dukani kwa baba yake. "Kwa hivyo maji yalitiwa kabla ya kushona. Aliyeshona nani? Mtunza ghala wenu. Nataka barua ya chama ikiri kwamba mtu wenu Pandu bin Jecha alitughushi, na kwamba anapelekwa mahakamani. Nikiipata hiyo natia saini. Sitaki kurudi kwetu nikaambiwa nimefanya biashara na watu wasiojua nani mwizi wao."

Upande wa pili wa meza alikaa Mzee Thuwein bin Soud, msemaji wa wakulima, mtu mwenye mashamba matano na ndevu za kuheshimika. "Barua utaipata," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Pandu tumemlisha sisi wenyewe."

"Mzee," alisema Mbaruk, "Pandu mwenyewe yuko mahabusi, hayumo humu kujitetea."

"Asiyekuwepo na lake halipo, Inspekta. Kuna watu elfu nzima wanangojea saini hii. Yeye ni mmoja."

Hesabu hiyo ilimchoma Mbaruk kuliko jino. Alimtazama Bwana DC, Mzungu mwembamba aliyekuwa anachorachora pembeni mwa karatasi, na hakuona msaada wowote. "Basi niachieni mpaka hiyo saa nane," alisema. "Barua bado haijaandikwa. Haidhuru ikingoja."

Damodar alisukuma jalada lake kando. Mbaruk akaona kwenye pembe ya jalada lile doa jekundu, la ukubwa wa kidole gumba. Rangi ya lakiri. Aliinama, akaligusa kwa ncha ya ukucha, na unga mwekundu ukamshika kidoleni.

"Bwana Damodar, hii nini?"

Yule mzee wa Kihindi aliliziba doa kwa kiganja. "Hiyo ya nyumbani kwangu. Haikuhusu wewe wala karafuu."

"Lakiri yenu inakaa wapi?"

"Unanituhumu mimi?" Damodar alisimama. "Inspekta, umebakiwa na saa tatu na robo tatu. Usizitumie kwangu."

Mbaruk alitoka, kidole bado chekundu. Alipofika ukumbini alikifikicha kwa kidole kingine. Lakiri ni ngumu, hung'aa, huvunjika kama sukari guru. Hii ilikuwa unga laini kama poda. Haikuwa lakiri. Akajifutia kwenye leso, akasikitika kwamba mtu aliyemfaa kuwa mwovu amemponyoka mapema hivyo.

*

Ghala lilikuwa hatua mia mbili kutoka ofisini. Koplo Jaribu, askari mnene wa makamo aliyezaliwa hapohapo Chake, alikuwa amekaa mlangoni na bunduki mapajani.

"Umemwona mtu?"

"Nimemwona paka, bwana."

Magunia saba yalipangwa safu moja juu ya mbao, kuanzia karibu na mlango kwenda ndani. La nne lilikuwa wazi, mdomo umekunjwa. Mbaruk alianza na paa, kwa sababu mvua ndiyo mshitakiwa wa kwanza wa kila ghala mwezi wa Mei. Alimpandisha Jaribu kwenye ngazi, akapapasa bati zote zilizo juu ya safu. Kavu. Sakafu chini ya mbao kavu. Akapima ukuta kwa kiganja, kavu.

Akageukia gunia lenyewe, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Jaribu, wewe ungetaka kuiba uzito, ungetia maji wapi?"

"Ningezimwagia maji kabla sijazitia guniani, bwana. Zote. Ndivyo wanavyofanya," alisema Jaribu, halafu akaona jibu lake linajua mengi mno. "Nasikia."

"Hizi za katikati kavu. Za chini kavu." Mbaruk alitoa konzi moja, akazivunja kwa vidole, zikalia ka, ka, kama karafuu inavyotakiwa kulia. "Ukungu uko upande mmoja tu, shubiri moja chini ya mdomo, mapana ya viganja viwili. Maji yenyewe hayazidi kikombe. Nani anaghushi uzito kwa kikombe cha maji?"

Jino nalo likachagua wakati huohuo kupiga ngoma. Mbaruk alifanya alichokuwa akifanya siku zote kumi: alichukua karafuu, safari hii kutoka palepale penye ukungu, akaifuta, akaisukuma kwenye jino. Halafu akasimama, mdomo wazi.

"Bwana, huo ushahidi," alisema Jaribu.

"Nyamaza." Alikuwa anaonja. Ukali wa karafuu ulikuwapo, na nyuma yake kitu kingine, kitamu, cha arusini. "Marashi. Marashi ya mawaridi."

Akalivuta gunia mpaka kwenye mwanga wa mlango. Kwa nje lilikuwa kavu kabisa, lakini pale palipokuwa na ukungu ndani, nyuzi za gunia zilikuwa na umanjano hafifu. Asiyejua angedhani ni uchafu wa gunia. Mbaruk alikwaruza kwa ukucha, akanusa. Zafarani.

Basi maji hayakutiwa kabla ya kushona. Yalipita kwenye nyuzi za gunia huku mihuri ikitazama. Gunia likakauka, karafuu ndani zikabaki na unyevu wao. Mihuri miwili, walinzi wawili, na hakuna aliyefikiri kwamba gunia si sanduku la chuma.

Marashi na zafarani. Alivijua vitu hivyo viwili vinapokutana, kila Mwislamu wa visiwa hivi anavijua, lakini alikuwa hajathubutu kulisema jina lake. Alitazama huku na huku. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia kawa la ukindu la kufunikia chakula, lenye miraba ya zambarau.

"Hili la nani?"

"La chakula cha Pandu, bwana. Lipo hapo tangu Ijumaa."

*

Pandu bin Jecha alikuwa amekaa chini kwenye mahabusi, magoti yamefika kidevuni. Kijana wa miaka thelathini, mikono mikubwa. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Nakuuliza tena," alisema Mbaruk. "Tangu kupigwa mihuri, nani aliingia ghalani?"

"Hakuna mtu, bwana. Niliapa kwa Msahafu mbele ya Bwana DC. Hakuingia mtu."

"Ijumaa ulikwenda kusali?"

"Nilikwenda. Sote tulikwenda, mie na mlinzi."

"Na ghala mkaliachia nani?"

Pandu alitazama chini. "Mama alikuwepo. Kaja na chakula kutoka Ole, akakaa kunilindia mpaka tukatoka msikitini."

"Pandu! Umeapa hakuingia mtu!"

"Kwani mama ni mgeni, bwana?" Alishangaa kwa dhati. "Nliulizwa kaingia nani. Mama si wa kuingia. Mama kaleta chakula."

Mbaruk aliegemea ukuta. Kijana huyu angekula miaka jela kwa sababu hakumhesabu mama yake. Na ubaya wa mambo ni kwamba yeye mwenyewe angeulizwa swali hilohilo, angejibu vivyo hivyo.

"Usimtie mama, bwana," Pandu aliongeza, sauti imepungua. "Ikiwa lazima mtu aandikwe, niandikwe mie."

*

Bwana DC alitoa gari lake shingo upande. Barabara ya Ole ilikuwa tope tupu. Mara mbili Jaribu alishuka kusukuma, na mara ya pili alirudi ndani hana viatu, navyo havikutafutwa kwa sababu ilikuwa imeshafika saa sita kasoro. Mbaruk alikuwa anaitoa saa kila baada ya mnazi mmoja.

Nyumba ya Bi Mwanapili ilikuwa ya makuti, uwanja umefagiwa kabla ya mvua. Mjane wa Jecha alikuwa kibarazani anasuka ukindu, wa zambarau.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani. Hino mvua hino haina adabu." Akamtazama vizuri, macho yakang'aa. "Wewe ndiwe Inspekta wa Unguja! Pandu kanambia. Ee, wajumbe washapatana?"

Hajui. Mbaruk alihisi aibu ikimpanda shingoni. Alijua kwamba akimwambia sasa, atapata kilio badala ya ushahidi, na hata ushahidi wenyewe hautaaminiwa. Akakaa, akafungua daftari.

"Karibu watapatana, inshallah. Nimesikia hata wewe ulisaidia."

"Mie? Mie nna nini?" alisema, lakini tabasamu halikufichika. "Nlimwendea Shehe Duni hapo juu. Nkamwambia, Shehe, nandikie kombe, si la homa wala la jicho, nandikie la watu wazima waliogombana. Kaandika aya sahani nzima kwa zafarani, kaiosha kwa marashi, kantilia kwenye chupa. Kanambia, kawanyweshe. Nkacheka! Mie n'tamnywesha vipi Banyani wa Bombei na Mzungu? Nkaona, hawa hawanywi, lakini wanachogombania si karafuu? Basi karafuu zinywe."

Kalamu ya Mbaruk ilikuwa inakwenda mbio. "Ukanyunyizia magunia yote?"

"Aka! Yote ni saba, na chupa yenyewe hino." Akaonyesha kichupa cha marashi kilichokuwa dirishani, chini kumebaki funda. "Nlitia matatu. La mwanzo, la kati, na la mwisho. Shehe kasema witiri, hesabu isiyogawika."

"Upande gani wa gunia?"

Alimwonea huruma kwa swali hilo. "Upande wa kibla, mwanangu. Upande gani tena?"

Mbaruk aliandika, akamsomea, akamtia wino wa gumba, na Jaribu akashuhudia kwa miguu mitupu. Saa sita na dakika ishirini. Hapo ndipo alipolifunga daftari na kumwambia kila kitu, polepole, asiruke neno.

Bi Mwanapili hakulia. Alijifunga buibui, akaichukua ile chupa dirishani, akaingia garini bila ya kuambiwa. Njia nzima alitazama mvua. Walipofika kwenye mteremko wa kuingilia Chake ndipo aliposema, "Mie ndo nlomfunga."

"Bado hajafungwa, Bi Mwanapili."

"Saa ngapi saa hino?"

"Saa nane kasoro robo."

Akaishika chupa kwa mikono miwili.

*

Mzee Thuwein alikuwa ameshachovya kalamu. Barua ilikuwa mbele yake, imepigwa chapa vizuri, jina la Pandu mara nne. Saa ya Damodar ilisema kasoro dakika tisa.

Mbaruk aliweka daftari juu ya barua.

"Msikilizeni mama yake Pandu kwanza. Ameyasema haya nyumbani kwake Ole, hajui kama mwanawe amekamatwa, hajui kama gunia limefunguliwa, wala lipi."

Akasoma mwenyewe, kwa sauti, mvua ikiwa imepungua kama nayo inasikiliza. Bi Mwanapili alisimama mlangoni, uso chini. Thuwein aliposikia neno kombe alifumba macho. Bwana DC aliuliza kombe ni nini, akaelezwa, akaomba aelezwe tena.

"Hadithi nzuri," alisema Damodar. "Mama gani hatamtungia mwanawe hadithi?"

"Mama huyu ametaja magunia matatu," alisema Mbaruk. "Moja tumeliona. Mawili bado yana mihuri yako. Ikiwa Pandu alighushi, alighushi yote, au mtakuta ukungu popote. Ikiwa mama amesema kweli, mtaukuta katika la kwanza na la saba, upande wa kibla, shubiri moja chini ya mdomo. Na mengine manne hayana kitu. Chagua mwenyewe la kuanzia."

Damodar aliitazama saa yake, akaitia mfukoni. "Twendeni."

Walitoka wote, Mzungu na mwavuli wake. Ghalani Damodar alichagua la pili. Lakiri ikavunjwa, uzi ukakatwa, karafuu zikamwagwa juu ya jamvi. Kavu. Alizivunja kwa vidole, akazitafuna mbili tatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika ambako hakukusudia kukuonyesha. Bi Mwanapili midomo ilikuwa inakwenda bila sauti.

Akalikata la kwanza. Hakulimwaga. Aliufungua mdomo tu, akazungusha mkono ndani, kusini, mashariki, akafika upande wa kibla, akasita. Mkono ulitoka na bonge jeupe.

"La saba," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

La saba lilikuwa mwisho wa safu, kizani. Jaribu alishika taa. Damodar akatia mkono palepale, upande wa kibla, na kwa muda ambao Mbaruk aliuona mrefu kuliko siku zote kumi, hakutoa kitu. Kavu. Akapapasa tena. Kavu.

"Inspekta," alisema Thuwein kwa sauti ya chini.

"Chupa ilikuwa inakwisha," Bi Mwanapili alisema ghafla. "Lile la mwisho nlilidondoshea tu. Matone. Mengine nkayabakisha."

"Sasa ndiyo unakumbuka?" aliuliza Damodar.

Mbaruk alimpokonya Jaribu taa, akapiga magoti, uso karibu na gunia. Aliangalia shubiri moja chini ya mdomo, upande wa kibla. "Njoo unuse hapa, Bwana Damodar. Mimi pua yangu si ya kuaminiwa, nina jino."

Mzee wa Bombay aliinama kwa shida. Kwenye nyuzi za gunia mlikuwa na madoa matatu ya manjano, kila moja dogo kuliko kunde. Alinusa. Akanusa tena, akakaa palepale chini, juu ya ubao, suruali yake nyeupe ikishika vumbi.

"Waridi," alisema.

Halafu Damodar akafungua jalada alilokuwa amelibana kwapani, akaligeuza, lile doa jekundu likawa juu.

"Uliniuliza hii nini. Siku niliyoondoka, mke wangu aliweka karatasi hizi mbele ya Mungu wake, akazitia rangi hii kwa kidole, ili tupatane na nyinyi. Nilimkataza. Nilimwambia ataharibu hati." Akalifunga. "Karatasi zangu hazikuoza, bahati yangu. Mtoeni huyo kijana. Magunia manne mazima yanatosha kuwa mizani."

Thuwein alikuwa anaikunja barua, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi.

"Lakini andikeni kifungu cha kumi na tatu," Damodar aliongeza, akinyooshewa mkono ainuke. "Dua zote ziombwe nje ya ghala."

Pandu aliletwa saa tisa kasoro robo, wakati wajumbe wanapakia mizigo kuiwahi meli Mkoani na wino wa saini bado mbichi. Mama yake alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ghala. Hakuweza kumtazama. Alikuwa ameshika ile chupa, amekwisha kuizibua, anaiinamisha kwenye mfereji wa maji ya mvua.

Pandu aliushika mkono wake, akaichukua chupa.

"Usimwage, mama," alisema. "Kombe hunywewa."

Akasema bismillahi, akainywa funda lote lililobaki, akakaa ngazini karibu naye.